Miti Yenye Kovu

Nyamushenyi, 12 Februari 2023

Aurore mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima, paa linavuja palepale linapovuja siku zote, na magoti yananisema kila asubuhi. Salamu zimekwisha, tuingie kwenye maneno.

Watu wa mbao wamefika msituni kwetu Kashungwe. Juma lililopita tulipeleka nyavu ng'ambo ya mto Chirunga. Sisi wanawake tulipiga vichaka kwa fimbo na kupiga kelele mpaka koo zikakauka, na hata kapaa kamoja hakakukimbilia nyavuni. Tulichosikia ni msumeno wa mashini ukilia nyuma ya kilima. Mnyama gani atabaki hapo kusikiliza?

Tuliporudi tukakuta miti imeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mti wa marehemu baba yako umeandikwa 147. Unakumbuka desturi, au Bukavu imekufuta kichwa? Kila nyumba ina miti yake ya kufungia wavu, imekatwa alama kwa panga, usawa wa kifua, na hakuna jirani anayethubutu kufunga wavu wake hapo. Alama ya baba yako Alphonse ni mikato miwili ya kulala na mmoja wa kusimama. Kila kiangazi naifufua mimi mwenyewe, maana gome la mti nalo husahau.

Kabla ya Noeli alikuja bwana mmoja wa kampuni, jina lake Delphin. Alifanya mkutano mbele ya kanisa, akasema Kifaransa kirefu, akagawa sabuni na chumvi, akaondoka. Ni hayo tu.

Wewe unafanya kazi kwa avocat, mtu wa sheria, huko Ibanda mjini Bukavu. Muulize tufanyeje. Sisi hatuna shamba wala ng'ombe, unajua. Kashungwe ikikatwa tutakuwa vibarua wa kulimia watu kwa sahani ya mihogo, na tutakufa tukiwa vibarua. Mimi nitapanda moto ya Destin, pikipiki yake ya abiria, baada ya Jumatano ya Majivu, nilale kwako siku mbili, nimweleze huyo avocat kwa mdomo wangu.

Naandika kwa sababu mtandao uko juu ya kilima tu, na huko juu unachosema kinasikiwa na kijiji kizima. Destin anayeibeba hajui kusoma. Ni posta nzuri.

Mama yako,
Madeleine


Bukavu, 1 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilimpelekea Maître Modeste habari zote, naye alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena. Akifanya hivyo ujue amekubali kazi.

Anasema sheria ipo. Tangu mwaka jana kuna sheria ya kulinda haki za watu wa asili, Batwa kama sisi, na hata kabla ya hapo jamii iliweza kuomba msitu wa mababu zake uwe msitu wa jamii, kwa sahihi ya gavana. Tumekwisha kuandika ombi. Shida ni kwamba kampuni nayo imeomba kukata, na imeandika kwamba Kashungwe ni msitu mtupu usio na mwenyewe. Wanatafuta shamba, hawalioni. Wanatafuta nyumba, hawaioni. Wanasema basi hakuna mtu. Tunatakiwa kuonyesha kwamba mnautumia tangu zamani, na tuonyeshe ni wapi hasa. Maneno matupu hayatatosha, Mama. Kuna komisheni itakayoamua, na komisheni inapenda karatasi.

Niambie jambo moja kwa ukweli: kuna mtu yeyote aliyeandika jina lake kwenye karatasi ya kampuni? Mtu yeyote?

Usije sasa. Barabara imeharibika, mwenye nyumba wangu hapendi wageni, na chumba chenyewe ni kidogo, kitanda kinagusa mlango. Nitakupangia siku nzuri.

Tena bahasha. Uliandika juu yake: "Kwa Aurore, binti wa Alphonse mwindaji wa Kashungwe, Mutwa wa Nyamushenyi." Ilikaa kwenye meza ya mapokezi tangu asubuhi mpaka saa nane. Andika tu "Aurore, biro ya Maître Modeste". Itafika.

Nakupenda,
Aurore


Nyamushenyi, 19 Machi 2023

Aurore,

Bahasha umeiona. Jina moja, biro moja. Naona imefika.

Sitakuja basi. Nilikuwa nimekwisha kufunga kitenge changu kile cha Siku ya Mama, lakini kitenge hakiozi.

Msumeno umefika ukingo wa Chirunga. Siku tano tumetega, siku tano tumerudi na majani. Jean-de-Dieu, mkubwa wetu wa mawindo, jioni anashona wavu wake palipotoboka na pasipotoboka. Wanaume wawili vijana wamekwenda kuomba kazi ya kubeba mbao kwenye kampuni hiyohiyo. Wake zao wamewanunia, nami nimewaunga mkono hao wake.

Lakini usilie, kuna habari njema. Sisi wanawake tumewapiga chenga watu wa rangi nyekundu. Tulifikiri hivi: kwa nini wameandika namba kwenye miti yetu ya nyavu? Bila shaka wanaijua, wanataka kuanza na hiyo, ili tusiwe na pa kufungia. Kwa hiyo tumeziba alama zote. Udongo wa mtoni tumeukanda na ulimbo, tukapaka juu ya mikato na juu ya namba zao, tukabandika vile vijani vinavyoota kwenye mawe. Mvua hailoshi lile kandiko, tumelijaribu. Miti zaidi ya mia mbili, siku nane za kazi. Hata wewe ungepita karibu na mti wa baba yako ungesema ni mti kama mingine. Waje sasa waitafute!

Kuhusu karatasi, watu wanasema hili na lile. Usijisumbue na karatasi za zamani.

Mama yako


Bukavu, 3 Aprili 2023

Mama,

Destin anangoja mlangoni na moto inanguruma, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Osheni miti. Mama, osheni miti! Yote!

Ngoja nieleze. Juzi kampuni ililazimika kuleta daftari lake la hesabu ya miti, maana sheria inawataka waliweke mezani. Kurasa sitini. Kila mti una namba yake, aina yake, unene wake, na mahali hasa ulipo. Maître alinipa nilisome kwa sababu yeye macho yamechoka. Pembeni kuna sehemu ya kasoro, ambapo wanaandika kama mti umeoza au umepinda. Nikaanza kuona maneno yaleyale yanarudi: "kovu la zamani kwenye gome, usawa wa kifua". Ukurasa huu, na ule, na ule. Nikahesabu. Miti mia mbili na kumi na minne. Namba 147 nayo ipo: "mikato mitatu, imefufuliwa mara nyingi, hautafaa kwa mbao."

Hawakujua ni nini, Mama. Waliona ni miti mibovu.

Maître ana ramani kubwa aliyoipata kwa rafiki yake wa kituo cha utafiti cha Lwiro. Nikaitandaza sakafuni, nikachukua kalamu nyekundu, nikatia nukta mahali pa kila mti wenye kovu. Nilipofika kama nukta ya themanini nikasimama kuzitazama kutoka juu. Zilikuwa zinajipanga zenyewe kuwa nusu mwezi: moja juu ya kilima, moja kando ya Chirunga, nyingine bondeni kule tulikokuwa tunachuma uyoga. Ni nyavu zetu. Kampuni imechora mawindo yetu yote, kwa gharama yake, na imetia muhuri. Nililia pale sakafuni, nikamwambia Chantal wa mapokezi kwamba ni vumbi.

Sasa ndiyo shida. Komisheni inakuja huko tarehe 24 kuona kwa macho. Wakienda kwenye mti 147 wakakuta gome safi, Delphin atasema daftari limekosea, na sisi tumekwisha. Osheni kila mti kabla ya hiyo siku.

La pili, nalo limeniuma. Ndani ya dosie ya kampuni, faili lao la ombi, kuna orodha ya majina thelathini na moja, na juu yake wameandika kwamba wakazi wa Nyamushenyi wanakubali msitu ukatwe. Jina la kwanza ni lako. Si kidole, Mama. Umeandika kwa mkono wako, herufi kubwa, MADELEINE, ile D yako inayolala chali. Nilikuuliza kwa ukweli ukaniambia nisijisumbue. Kwa nini umenificha?

Aurore


Nyamushenyi, 10 Aprili 2023, Jumatatu ya Pasaka

Aurore,

Kristu amefufuka, na mimi mgongo wangu umekufa. Tunaosha.

Lile kandiko tulilisifu sana, sasa tunalilaani. Maji ya baridi halitaki. Inabidi tuchemshe maji hukohuko msituni, tumwage, tusugue kwa maganda ya mgomba na sabuni. Sabuni gani? Ile ya Delphin. Tulikuwa tumebakiza vipande vingi kwa ajili ya ubatizo, vyote vinaishia kwenye magome. Wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini. Tumefikia miti tisini na tatu.

Sasa hilo la jina. Nitakuambia, na usome ukiwa umekaa.

Siku ile Delphin alitoa daftari akasema: "Andikeni majina yenu hapa, juu ya hesabu ya sabuni." Watu wote wakanyoosha kidole gumba, wamezoea. Mimi nikasema hapana. Nina miaka miwili nasoma parokiani pamoja na wale akina mama, nimeandika jina langu kwenye ubao, kwenye mchanga, kwenye daftari la mistari, lakini kwenye karatasi ya watu wenye viatu sijawahi. Nikaomba kalamu. Nikaandika polepole, na watu wakanitazama. Jean-de-Dieu alipiga makofi. Wengine waliosoma nami wakaona nimeandika, nao wakaandika. Delphin akatia vistari pembeni, kimoja kwa kila kipande. Mimi nilichukua viwili, kimoja changu na kimoja cha kukutumia. Mkono mtupu haulambwi, yeye alilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Nilikuficha kwa aibu. Nilijivuna kwa jina langu, na jina langu ndilo likatuuza. Ungekuwa wewe ungeanzaje kuandika sentensi hiyo? Maji yamekwisha kumwagika.

Lakini tukiongea juu ya kuficha, mwanangu, tusafishe nyumba yote. Destin hajui kusoma, ila masikio anayo. Chantal wenu alimuuliza: "Kutoka kwa ba Aurore kule Nyantende mupaka hapa, moto inachukua dakika ngapi?" Destin alicheka akidhani ni mzaha. Hakuwa mzaha. Nasikia biro nzima inajua wewe ni Mushi wa Nyantende, si Mutwa, binti wa wakulima wa maharage.

Kwa hiyo kitanda hakigusi mlango. Mwacha asili ni mtumwa, wazee wamesema, na mimi sikudhani neno hilo litalala nyumbani mwangu.

Nenda na amani. Nina miti mia moja na ishirini na mmoja ya kuosha.

Madeleine


Bukavu, 15 Aprili 2023

Mama,

Ni kweli.

Mwaka wa kwanza wa chuo tulikaa wasichana wanne chumba kimoja. Nilisema nimetoka wapi. Kesho yake mmoja akatenga sahani yake na kikombe chake, akavifungia sandukuni. Hakuna aliyenitukana. Ningeweza kumjibu mtu wa matusi. Nilipohama, msichana wa chumba cha pili akaniuliza natoka wapi, mdomo ukasema Nyantende kabla sijaufunga. Baadaye ikawa vigumu kurudi nyuma. Ni miaka saba sasa.

Sikuonei aibu wewe. Hilo nataka uliamini hata kama huwezi kuamini lingine lolote.

Tarehe 24 sitakuja na komisheni. Nimemwambia Maître nina malaria. Sina nguvu, Mama. Kila mtu huko ataniita jina, nanyi mna haki ya kuniita.

Ramani iko tayari. Maître anaibeba.

Aurore


Nyamushenyi, 27 Aprili 2023

Aurore,

Sina muda wa kununa, nina mengi ya kusimulia.

Walikuja watu sita. Anayeongoza ni mama mmoja wa makamo, Madame Françoise, mfupi, ana buti za mpira zilizotoboka. Nilimpenda mara moja. Maître wako alianguka mara mbili kabla ya Chirunga na mara moja ndani ya Chirunga. Ramani aliiinua juu ya kichwa kama padri na monstransi ya Ekaristi, haikulowa hata kona.

Tuliwapeleka mti 147. Gome jekundu, safi, linanukia sabuni ya kufulia. Mikato mitatu inaonekana kama uso wa mtu. Delphin akakunja uso akasema: "Hii alama banamuke bamekata wiki iliyopita. Ata sabuni haiyakauka." Nikataka kumjibu, Jean-de-Dieu akaniwekea mkono begani. Akamwambia Madame: "Maman, tusibishane. Chagueni fasi moja kwenye hiyo karatasi yenu. Pahali popote. Tutatega."

Maître akafungua ramani, Madame akafumba macho akaweka kidole. Kikaangukia nusu mwezi ya bondeni. Tukaenda. Hakuna aliyeitwa jina. Kila nyumba ilikwenda yenyewe kwenye mti wake, ikafungua wavu, ikafunga, ikanyoosha mpaka kwa jirani. Nyavu kumi na nne. Ulipofungwa wa mwisho, hapakuwa na nafasi ya kupita hata panya, tangu mti wa kwanza hadi wa kumi na nne, na Maître alikuwa akitembea nyuma anahesabu nukta zako moja moja, anasema "iko, iko, iko", jasho linamtoka.

Halafu sisi wanawake tukaingia porini kupiga kelele. Nilikuwa na hasira nyingi kifuani, kwa Delphin na kwako pia, nikazitoa zote. Nasikia sauti yangu ilifika barabarani. Akatoka mboloko mmoja, kale kapaa kadogo ka msituni, akamkimbilia Madame Françoise miguuni, akageuka, akaingia moja kwa moja kwenye wavu wa Jean-de-Dieu. Madame alikaa chini kwenye matope, akasema: "Njo musitu mutupu huu?"

Watu wakashangilia. Lakini Delphin hakushangilia. Alitoa ile orodha. Alisema sawa, wanawinda, hakuna aliyekataa. Lakini wenyewe wamekubali msitu ukatwe, haya majina yao. Akasoma la kwanza kwa sauti. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema ilikuwa sabuni, yeye akacheka, akasema kila mtu akijuta husema hivyo.

Komisheni itakata neno Bukavu tarehe 16 Mei. Sisi hatuna nauli ya kufika watu wote. Maître aliuliza nani anaweza kusimama pale mjini aeleze alama hizi kama mtu aliyezaliwa nazo. Kila mtu alinitazama, wanajua ninaye nani huko. Sikulitaja jina lako, Aurore. Ni lako, ulitumie unavyotaka.

Barua yako ya malaria nimeisoma. Nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Yule msichana wa sahani, mwambie mimi ninayo sahani moja tu, na anakaribishwa.

Mama


Bukavu, 17 Mei 2023

Mama yangu,

Sijalala na sitaki kulala kabla sijakuandikia.

Jana chumba kilijaa. Delphin alikuja na avocat wawili na mashati mapya. Maître Modeste alionyesha daftari, ramani, picha za nyavu. Alisema vizuri. Mimi nilikuwa nyuma yake ninaandika yanayosemwa, kichwa nimekiinamisha. Nilikuwa nimejiambia kwamba kama mambo yatakwenda vizuri, nitanyamaza.

Delphin akasimama na orodha. "Ba-villageois, batu ba kijiji, bamekubali, Madame. Munaona majina. Wengine bameandika na mukono yao wenyewe, si bajinga."

Madame Françoise akasogeza orodha karibu na macho. "Na hii mistari kandokando ya majina, iko ya nini?"

"Ni hesabu ya batu kwa kila nyumba."

Mama, nilikuwa na kalamu mkononi. Nilisikia kiti kinaanguka, nikajua nimesimama.

"Hapana, Madame. Ni vipande vya sabuni."

"Weye ni secrétaire, karani tu. Unajua namna gani?"

"Huyu wa kwanza kwenye liste njo mama yangu." Nikamwona Chantal mlangoni amebeba chai. Nikaendelea. "Miye ni Mutwa wa Nyamushenyi. Baba yangu alikuwa Alphonse, mwindaji. Kandokando ya jina ya mama iko mistari mbili. Lakini kwa nyumba yetu anabakia mutu moja tu, yeye peke yake, juu baba alikufa na miye niko hapa mbele yenu. Alichukua sabuni mbili, moja yake na moja yangu. Papa Delphin atuambie: huyo mutu wa pili ni nani?"

Delphin akawageukia avocat wake. Avocat wake mmoja akaanza kutafuta kitu ndani ya sanduku, akakitafuta muda mrefu. Mtu wa nyuma akacheka, kisha wote wakacheka, hata Madame.

Akaniita mbele kwenye ramani. Niliwaeleza nukta zote, nusu mwezi moja baada ya nyingine: huu ni mti wa nyumba ya Jean-de-Dieu, mkato mmoja wa mshazari, huu ni wa nyumba ya Eulalie, mikato minne kama vidole, huu hapa ni wa babu yangu, akampa baba, na mama anaufufua kila kiangazi. Nilizungumza nusu saa bila karatasi. Sikujua kwamba ninajua yote hayo. Kila alama niliikuta mahali pake, na kila mara niliposema "yetu" sauti iliongezeka.

Saa tisa wakarudi na uamuzi. Ombi la kampuni limekataliwa. Mashini zizimwe na ziondolewe kabla ya mwezi kwisha. Ombi la Nyamushenyi linapelekwa kwa gavana likiwa na sahihi za komisheni nzima. Maître Modeste alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akakubali tu kwamba analia.

Chantal alinisubiri nje. Alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Sasa Nyantende?"

"Sijalala Nyantende ata usiku moja."

"Miaka mbili!" akasema. "Miaka mbili ungekuwa unaniletea asali ya musitu, unaniletea maneno ya maharage!" Kisha akanikumbatia shingoni, tukasimama pale njiani tukipigiwa honi na magari yote ya Ibanda.

Nisamehe, Mama. Njoo. Kitanda changu ni kikubwa, kiko mbali sana na mlango. Vaa kile kitenge, shuka saa sita mchana mbele ya biro, uniite kwa sauti ile ya kufukuzia wanyama. Nataka wasikie wote.

Aurore, binti wa Alphonse na Madeleine, Mutwa wa Nyamushenyi


Bukavu, 23 Oktoba 2023

Mama,

Tangu uliporudi huko, watu wa biro bado wananiuliza Maman Madeleine atashuka lini tena. Maître anaogopa uje umsimulie mwingine alivyoanguka mtoni.

Ndani ya bahasha hii iko karatasi. Gavana ameweka sahihi. Sitakuambia inasema nini. Isome wewe, kwa sauti, mbele ya watu wote, na usikimbie ibara ya tatu.

Aurore


Nyamushenyi, 5 Novemba 2023

Aurore mwanangu,

Kwanza habari ya mashini ya mwisho. Ilikuwa imekwama kule juu tangu Juni, imeharibika, na wiki hii wakaleta lori kuja kuichukua. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye matope mpaka milango. Dereva akaja kijijini akiomba msaada, ameshika kofia mikononi. Wanawake wote tukatoka. Tulisukuma, mwanangu! Nimesukuma magari ya padri, ya daktari, ya wanasiasa, lakini sijawahi kusukuma gari kwa moyo mkunjufu namna ile. Dereva alitushukuru mpaka tukamwonea huruma.

Jumapili baada ya misa nikasoma karatasi. Nilisoma polepole, Kifaransa kinanikwaruza, kila mstari nikiugeuza kwa Kiswahili. Ibara ya kwanza, mipaka. Ibara ya pili, hekta elfu kumi na moja na kitu. Nikafika ya tatu, nikaisoma kimya kwanza, nikashindwa kuendelea. Jean-de-Dieu akasema: "Sema, Madeleine. Wametupa miaka ngapi?"

Nikasoma: jamii ya Nyamushenyi inapewa msitu wa Kashungwe daima.

"Soma tena," akasema. Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu.

"Na batoto ba batoto betu?"

"Imeandikwa daima, Papa."

Nilidhani wataanza ngoma. Hakuna aliyecheza. Mzee Jean-de-Dieu akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasimama na kusema: "Basi mulale mapema. Kesho tunawinda."

Tukawinda. Hapakuwa na sauti nyingine msituni isipokuwa yetu. Tumepata mboloko wanne na nguruwe wa msitu mmoja mnene, na huyo nguruwe aliingia kwenye wavu uliofungwa mti wa baba yako. Wanaume walipokwisha kumpasua, wakaanza kugawa kama inavyopasa: kichwa ni cha mkubwa wa mawindo, mbavu ni za waliokimbiza, na mguu wa nyuma ni wa mtoto wa mwenye mti. Walipofika hapo wakanitazama. Miaka yote hii mguu huo ulikuwa unaliwa na majirani, kwa kuwa mtoto wa mwenye mti alikuwa mjini na hakuna aliyemwita jina. Jean-de-Dieu akaukata mwenyewe, akauinua, akaita kwa sauti kubwa: "Aurore!" Na mimi nikaitika.

Nimeukausha siku tatu juu ya moshi. Destin anaubeba pamoja na barua hii, umefungwa kwa majani, naye amekatazwa kuufungua. Mgawie Chantal, mgawie Maître, mgawie yeyote mwenye sahani. Lakini usimshukuru mtu kwa huo mguu, hata mimi. Si zawadi. Ni haki yako.

Mama yako,
MADELEINE